LIKIZO NI YA NANI?

Fundisho la majira ya baada ya Utatu

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 5:1-18 na 20:8-11, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, Marko 6:30-44, Yohana 21:1-14.





Padre wetu ameniomba niandike neno juu ya likizo, kwa kuwa shule zimefungwa mwezi huu wa Juni, watoto wamejaa majumbani, na wageni kutoka Dar es Salaam wameanza kushuka stendi ya mabasi wakitetemeka kwa baridi waliyokuwa wameisahau. Nilimjibu kwamba mwalimu mstaafu si mtu wa kuulizwa habari za likizo, maana kwake siku zote ni likizo. Padre akasema, "Ndiyo sababu nakuomba wewe, Mwalimu. Una nafasi ya kufikiri." Basi nimefikiri, na haya ndiyo niliyoyapata. Mengine yananiaibisha mimi mwenyewe, lakini nimeona ni heri niyaseme ningali hai kuliko kuja kuulizwa mbele za Bwana.

Wenzetu wa Ulaya likizo yao kubwa huja wakati wa joto, nao huenda kuota jua ufukweni. Kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini likizo ya katikati ya mwaka huja wakati wa kipupwe. Iringa upepo huvuma mchana kutwa. Makete na kule Uporoto umande wa alfajiri huganda ukawa mweupe juu ya majani. Tena ndiyo majira ya mavuno: mahindi yavunwa, yaanikwa, yapukuchuliwa, yatiwa katika magunia. Likizo ya Desemba nayo huangukia mvua, kulima na kupanda. Kwa hiyo tangu utoto wangu likizo zetu zote mbili zimekuwa na jembe ndani yake. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nataka tu tuelewane, kwamba mtu aandikaye habari za kupumzika katika gazeti letu huwaandikia watu wenye mahindi uani.

INSHA YA NUSU UKURASA

Nilitoka chuo cha ualimu nikaanza kazi mwaka 1982, nikastaafu mwaka 2020. Kwa muda wa miaka 38, kila shule ilipofunguliwa, Januari na Julai, niliwapa watoto insha ile ile: "Jinsi Nilivyotumia Likizo Yangu". Walimu wenzangu wakisoma hapa watacheka, maana wajua kwamba hiyo ndiyo insha ya mwalimu ambaye hakuandaa somo.

Insha zile zilifanana. Mtoto alikwenda kwa bibi, bibi akamchinjia kuku, akacheza mpira, akarudi salama. Niliweza kuzisahihisha huku nasinzia. Lakini mwaka mmoja katika miaka ya tisini, katika shule moja ya msingi mkoani Iringa, msichana wa darasa la tano aliniandikia nusu ukurasa tu. Aliandika kwamba wakati wa likizo aliamka kabla ya jogoo, akateka maji, akawapikia uji wadogo zake, akaenda shamba, akarudi na kuni, akapukuchua mahindi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kisha akamaliza kwa sentensi moja: "Nimefurahi shule kufunguliwa kwa sababu shuleni tunakaa."

Nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika chini yake: "Shuleni tunasoma, hatukai tu. Panua mawazo." Nikampa 5 kwa 10.

Usiku ule nilikuwa nasahihisha kwa taa ya chemli mezani kwangu. Karibu yangu alikuwa binti aliyetusaidia kazi za nyumbani, ambaye umri wake ulimpita mwanafunzi yule kwa miaka mitatu minne tu. Alinimiminia chai, akauliza kama nahitaji kitu kingine, kisha akatoka nje kwenye baridi kuanua nguo na kuingiza kuni. Mimi nikaendelea na kalamu yangu nyekundu. Mtoto mmoja alikuwa ameniandikia kilio chake kwenye daftari, na mwenzake alikuwa amesimama pembeni yangu na birika mkononi, wala sikuwaona wote wawili. Nami nilikuwa mwalimu, tena mwana Umoja wa Akina Mama, tena nilisoma Waraka kanisani Jumapili iliyokuwa imepita.

Nchi nzima yajua kwamba watu wakitafuta msichana wa kazi huulizia Iringa. Sisi wa huku hupenda kueleza kwamba sababu yake ni uaminifu na uchapakazi wa mabinti zetu. Ni kweli. Lakini tusiseme nusu ya kweli. Wanakwenda kwa sababu nyumbani hakuna ada, au baba amefariki, au bibi amebaki na wajukuu sita. Binti wetu alilelewa na bibi yake katika kijiji cha mbali. Alipokuja kwetu nilimwahidi bibi yule kwamba kila mwaka atakwenda kumsalimu.

Ilipofika Krismasi ya kwanza, nilimwambia, "Watoto wako likizo, wageni wanakuja. Utakwenda likizo ijayo." Krismasi ya pili nilisema hivyo hivyo, na ya tatu pia. Sikuwa na ubaya moyoni. Ndivyo mambo yalivyokuwa: likizo ikifika nyumba hujaa, sufuria huongezeka, na mwenye kuosha sufuria huhitajiwa zaidi kuliko siku zote. Yaani likizo yangu ilisimama juu ya mabega yake.

Kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata bibi yule alifariki. Nilimpa binti nauli, nikampa sukari na khanga ya kupeleka msibani, na majirani wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Alifika wamekwisha kuzika. Nauli ile nilikuwa nayo miaka yote mitatu. Siku ndizo nilizomnyima.

ORODHA TUNAYOIRUKA

Ndugu zangu, sote tulikaririshwa Amri Kumi tulipokuwa tukijiandaa kwa Kipaimara. Amri ya nne ni ndefu kuliko nyingine nyingi, na kwa sababu ni ndefu tulikuwa tukiikimbiza ulimi. Hebu leo tuisome polepole. Mungu hakusema tu kwamba siku ya saba watu wapumzike. Alitaja orodha: wewe mwenyewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, mnyama wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Mwalimu aitapo majina asubuhi haruki jina hata moja, na Mungu naye hakuruka.

Mama wa nyumba hatajwi katika orodha ile. Wapo wafafanuzi wasemao kwamba yumo ndani ya neno la kwanza, "wewe", pamoja na mumewe. Nami nakubaliana nao. Lakini kama ndivyo, basi apumzike kama mumewe apumzikavyo, wala si baada ya kumwandalia chakula, maji ya kuoga na kiti cha kukalia.

Katika Kumbukumbu la Torati Musa anairudia amri hiyo, naye anaongeza sababu. Anasema mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na bwana wao, tena kila mwenye nyumba akumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Sabato haikuwekwa ili wenye nafasi wastarehe. Iliwekwa na Mungu aliyewatoa watu wake mahali ambapo hapakuwa na siku ya kupumzika.

Someni Kutoka sura ya 5. Ombi la kwanza ambalo Musa na Haruni walilipeleka kwa Farao lilikuwa ni ruhusa. Waliomba waende safari ya siku tatu jangwani wakamfanyie Bwana ibada. Farao akajibu kwamba watu hawa ni wavivu, akawanyima majani ya kuchanganya na udongo wa matofali, lakini hesabu ya matofali akaiacha pale pale. Sisi tufyatuao matofali wakati huu wa kiangazi twajua maana ya hukumu ile. Farao alisema kwa ukali. Mimi nilisema kwa upole, "Likizo ijayo." Lakini kwa mtu aliyetaka kwenda nyumbani, majibu yetu yalikuwa mamoja.

Basi kipimo cha mapumziko ya nyumba ya Mkristo ni hiki: usimtazame baba aliyeketi barazani, mtazame mtu wa mwisho. Kama wa mwisho hajapumzika, nyumba ile bado haijaishika Sabato, hata kama wote wamekwenda Misa. Na wakulima wa Isimani na Usangu wajue kwamba hata ng'ombe wa kulimia wamo katika orodha.

Neno lenyewe, Sabato, kwa Kiebrania lina maana ya kuacha, kukoma na kazi. Yule mtoto wa darasa la tano hakujua Kiebrania, lakini alisema jambo lile lile kwa lugha yake: kukaa. Alikuwa ametafuta Sabato nyumbani asiione, akaipata kwenye dawati. Nikiikumbuka insha yake leo naipa 10 kwa 10. Alama 5 zilikuwa zangu mimi.

BWANA ALIYEKOKA MOTO

Sasa tumtazame Bwana Yesu mwenyewe. Katika Marko sura ya 6 mitume wanarudi kutoka safari ya kuhubiri. Wana mengi ya kusimulia, na watu wanaoingia na kutoka ni wengi hata nafasi ya kula hawana. Bwana hakuwaambia kwamba kazi ya Mungu haina likizo. Aliona nyuso zao, akawapandisha chomboni waende mahali pa upweke wapate kupumzika kidogo. Kumbe uchovu wa mtumishi si dhambi mbele zake. Ni kitu anachokiona na kukishughulikia.

Lakini tuendelee kusoma. Makutano walikimbia kwa miguu wakatangulia kufika. Hapo ni nani aliyeshuka akaanza kuwafundisha? Ni Bwana. Ni kweli, jioni aliwaita mitume wagawe mikate na samaki. Lakini zile saa za kwanza yeye ndiye aliyebeba kazi.

Tena kuna ile habari ya Yohana sura ya 21, ambayo naipenda kuliko nyingi. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Ndugu zetu wa Matema na Kyela, waliozoea kuwaona wavuvi wakirudi alfajiri kutoka Ziwa Nyasa, wamelowa, nyavu nyepesi, wataielewa habari hii bila mahubiri. Kunakucha, na yuko mtu amesimama pwani. Amekwisha kuwasha moto wa makaa. Samaki yuko juu yake, na mkate upo. Anawaita waje wale.

Huyu ni Bwana aliyefufuka, aliyeshinda mauti. Angeweza kungoja Petro aje amwashie moto. Lakini aliukoka yeye mwenyewe. Wanaume wa parokia yetu, nawaomba mlitafakari jambo hili siku moja tu ya likizo, asubuhi ya baridi, kabla akina mama hawajaamka. Kiberiti mwajua kilipo.

MAMBO MADOGO YA KUFANYA

Najua wasomaji wengine wamekwisha kusema, "Mwalimu, umetufundisha, sasa tufanye nini?" Nitaandika kama nilivyozoea ubaoni, kwa nambari.

1. Gawaneni kazi kwanza. Jumamosi jioni keteni pamoja, chukueni karatasi, andikeni kazi za nyumba na majina ya wote, na jina la baba liwemo. Mvulana aliyefika darasa la sita aweza kusonga ugali na kufua shati lake. Kazi ikigawanywa, kila mtu hupata saa yake ya kukaa. Isipogawanywa, wengi hupumzika wiki nzima na mmoja hachoki kuchoka.

2. Oteni jua pamoja. Katika miezi hii jua la saa nne asubuhi ni zawadi isiyolipiwa. Tandikeni mikeka, lete mahindi ya kupukuchua, na wazee wahadithie. Ni kazi, naam, lakini kazi inayofanywa na mikono yote kwa maneno matamu ni nusu ya mapumziko. Watoto wa Dar es Salaam wasiojua kusema "Kamwene" wafundishwe hapo. Na mwenye kusimulia asiwe bibi tu. Muulizeni na binti wa kazi hadithi za kwao. Mtashangaa kwamba naye anazo.

3. Tembeeni kwa miguu. Huhitaji kuwa mtalii. Mtu wa Iringa mjini aweza kupanda jiwe la Gangilonga jioni, akauona mji wote chini yake. Wahehe husema ni jiwe linalosema, na kwamba Mkwawa alikuwa akifika pale kutafakari. Wenye nauli waende Isimila wakaone nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale, au Kalenga mahali pa makumbusho ya Mkwawa. Sisi wa Mbeya tuna miteremko ya Loleza juu ya mji. Wenye miguu imara wapande Ngozi walione ziwa lililolala ndani ya kinywa cha volkano, na wa Rungwe wawapeleke watoto kwenye Daraja la Mungu, pale Mto Kiwira unapopita chini ya mwamba. Maua ya Kitulo yaacheni mpaka mvua zije, maana wakati huu hamtayaona. Fungeni viazi vya kuchemsha na maparachichi, basi. Mahali pengine hutozwa kiingilio, ulizeni kabla ya safari.

4. Wekeni simu kabatini. Jioni moja kwa juma, simu zote, ya baba na ya mama pia, ziingie kabatini tangu chakula cha jioni hadi sala ya usiku. Mara ya kwanza mtakaa kimya kama wageni. Mara ya tatu mtakuwa na mazungumzo.

5. Waacheni watoto wacheze. Nimefundisha masomo ya ziada wakati wa likizo, nikalipwa, kwa hiyo nasema na dhamiri yangu. Mtoto aliyesoma tangu Januari akinyimwa hata likizo yake, hurudi darasani na macho wazi na akili imefungwa. Mpeni kitabu cha hadithi, mpeni kamba ya kuruka, mpeni mchana wa kulala.

6. Mwandikieni msaidizi wenu likizo yake kwenye kalenda kabla hamjaandika yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hustahili siku 28 mfululizo za likizo kwa mwaka wa kazi, saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma, na muda wa kawaida wa kazi usiozidi saa 45 kwa juma. Na mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Wengi wetu tulidhani mambo hayo ni ya ofisini na viwandani tu. Sivyo. Serikali imeliandika, lakini Musa alilitangulia kuliandika, na sisi tulio na vitabu vyote viwili nyumbani hatutakuwa na udhuru.

Mtaniuliza: akienda yeye, nani atapika? Utapika wewe, mama. Nawe baba utateka maji. Nami nawaambieni kwa kuwa nimekwisha kujaribu uzeeni: sufuria haziumi.

WASIO NA LIKIZO

Siwezi kufunga bila kuwataja wale ambao wakiyasoma haya watatabasamu kwa uchungu. Wapo wauguzi wa zamu, madereva, walinzi, wachuma chai wa Mufindi na Rungwe, na akina mama wa Mwanjelwa ambao wasipofungua meza leo, kesho watoto hawali. Yupo mjane katika jumuiya yetu anayemwuguza mama yake kitandani usiku na mchana. Kuwaambia hawa wapumzike bila kuwasaidia ni kumwambia mwenye baridi aote moto bila kumpa kuni.

Nina ombi moja kwa parokia. Baada ya Misa ya Jumapili, Umoja wa Akina Mama na vijana wafungue daftari dogo. Kila anayeweza kutoa saa tatu kwa mwezi aandike jina lake. Saa tatu za kukaa na mgonjwa ili anayemwuguza alale. Saa tatu za kulinda meza sokoni ili mwenye meza aende kumwona mwanawe anayesoma bweni. Saa tatu za kuwaangalia watoto ili wazazi wao watembee. Hatuhitaji mchango wa fedha wala kamati. Kanisa likiweza kumpa mtu saa tatu za kukaa, limemhubiria Injili kwa lugha ambayo hata mwenye usingizi huielewa.

Jina la kwanza katika daftari hilo ni langu. Nimekwisha kuliandika.

JUMAPILI MOJA GANGILONGA

Yule binti aliondoka kwetu miaka mingi iliyopita. Nilipostaafu, alikuja kunisalimu hapa Mbeya, akitokea Mafinga kwa basi. Sasa ni mama wa watoto watatu na ana cherehani yake. Baada ya kula, nilimwomba asinisaidie vyombo. Nikaketi mbele yake, nikamwambia habari ya bibi yake, na ahadi zile tatu, na nikamwomba anisamehe. Ilikuwa vigumu kuliko kuungama kwa Padre.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, nilikusamehe zamani. Lakini usiku ule nikirudi msibani nililia basi zima, na sikulia kwa sababu ya bibi peke yake."

Sikuwa na neno. Naye, labda kwa kunihurumia, akaongeza, "Unaikumbuka ile Jumapili uliyonipeleka Gangilonga?" Kusema kweli nilikuwa nimeisahau. Tulikwenda mchana mmoja baada ya ibada, wageni wakiwa wameahirisha safari yao. Tulipanda jiwe, tukaketi juu yake, tukala karanga, tukautazama mji mpaka jua likazama. Hatukuzungumza mengi. Akasema, "Miaka yote niliyokaa kwako, ile ndiyo siku niliyokaa."

Ndugu wapendwa, nimemfundisha kusoma binti yule jikoni kwangu, nimemnunulia nguo za sikukuu, nimemwombea. Alichokikumbuka kwa furaha ni mchana mmoja usionigharimu kitu isipokuwa karanga. Ningeweza kumpa mingi ya namna hiyo. Mchana huwa tunao. Huwa hatuugawi tu.

Basi likizo hii, kabla hujakunja miguu barazani, zunguka nyumba yako kama mwalimu anavyozunguka darasa akiita majina. Nenda jikoni, nenda kisimani, nenda zizini. Mtafute aliye wa mwisho katika orodha, mwambie akae. Ndipo nawe ukae karibu naye, na Bwana aliyekoka moto pwani ataketi pamoja nanyi.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemaliza kazi yako ukapumzika, ukawatoa watu wako katika nchi isiyokuwa na mapumziko: utusamehe sisi tuliowanyima wengine siku ulizowapa. Fungua macho yetu tuwaone waliochoka nyumbani mwetu. Wape watoto wetu kucheza, wazee wetu jua, wasaidizi wetu njia ya kwenda kwao, na sisi sote raha ya kweli ndani ya Mwanao Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mwenzenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Mbeya